Mwalimu Mkuu Akimkataa Mwanao kwa Mdomo, Mdai Karatasi

Mama mmoja wa Gongoni, hapa Manispaa ya Tabora, ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo. Mtoto anatembea kwa kuyumba na anaongea taratibu, ila anasikia vizuri, na akitumwa dukani anarudi na chenji kamili. Mama alipompeleka kumwandikisha katika shule moja ya msingi ya mjini, aliambiwa: "Huyu hatumuwezi, mama. Mpeleke kule shule ya viziwi." Alikwenda. Kule wakamweleza, na walikuwa sahihi, kwamba mtoto huyu si kiziwi. Akarudi alikotoka, akaambiwa asubiri "utaratibu". Anausubiri mpaka leo. Sasa jirani amemtia hofu kwamba mtendaji wa kata anaweza kumfikisha mahakamani kwa kutompeleka mtoto shule, naye anauliza kama ana haki yoyote.

Unayo, mama. Barua kama yako napokea nyingi, na karibu zote zina kosa lile lile ndani yake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imeweka kanuni iliyo wazi: mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule ya kawaida, iwe ya serikali au ya binafsi, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Hapo tunazungumzia lugha ya alama kwa kiziwi, au nukta nundu kwa asiyeona. Mtoto anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiswahili hayumo katika kundi hilo, hata kama jibu lake linachukua dakika nzima kutoka. Shule ya kawaida ndiyo shule yake kisheria. Kumpokea ni wajibu wa mwalimu mkuu, wala hakumhitaji awe na moyo wa huruma.

Tabora kisingizio hiki kimekuwa chepesi kwa sababu ya jambo ambalo lingepaswa kuwa fahari yetu. Shule ya viziwi ya hapa, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ilikuwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Tuna pia Shule ya Furaha ya wasioona. Watu wengi wamepata elimu na kazi kupitia shule hizo. Lakini kwa kuwa zipo, baadhi ya walimu wakuu wamejizoesha kuamini kwamba kila mtoto mwenye ulemavu, wa aina yoyote, ana pa kwenda pengine. Mwenye mtindio wa ubongo anaelekezwa kwa viziwi, na mwenye ualbino, anayehitaji tu kofia, kiti cha mbele na maandishi makubwa, anaelekezwa kwa wasioona. Mzazi anazungushwa mji mzima na mtoto mgongoni, na jioni kila ofisi inaweza kusema kwa kweli kabisa kwamba haijamkataa mtu.

Mtego wenyewe ndio huo. Mtoto anakataliwa kwa mdomo tu. Hakuna barua, hakuna jina kwenye daftari la uandikishaji, hakuna tarehe. Ukienda kwa Afisa Elimu Kata kulalamika, mwalimu mkuu atasema alikushauri tu. Ukienda ustawi wa jamii, wataulizia barua ya shule. Mwaka unapita, mtoto anakua, na wa kwanza kuulizwa kwa nini yuko nyumbani ni wewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inambana mzazi asiyemwandikisha mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule, na mgambo anaijua njia ya kuja kwako kuliko anavyoijua njia ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Kwa hiyo usiondoke shuleni mikono mitupu. Andika barua fupi ya kuomba mtoto aandikishwe. Taja jina lake, umri, mtaa mnaoishi na ulemavu alionao, kisha tengeneza nakala. Ikabidhi barua na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na kuwekwa tarehe. Wakimkataa, omba sababu kwa maandishi na kwa saini. Nimeona mara nyingi "haiwezekani" ikigeuka "mlete Jumatatu" pale tu kalamu inapotolewa, kwa kuwa mwalimu mkuu anajua hana kifungu cha kuandika chini ya uamuzi wake. Akigoma kuandika, nenda siku hiyo hiyo kwa Afisa Elimu Kata na ile nakala yenye muhuri. Kutoka hapo nenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa, ukiielekeza barua kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Kila ngazi ikupigie muhuri. Ukikwama, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko bila malipo. Wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nao wanaweza kukuandikia barua kama kuandika kunakusumbua. Kwa mtoto anayefichwa ndani au anayeteswa, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.

Na hela? Mama hakuitaja, lakini wengine wameniandikia. Kuna anayeombwa "ya soda" ili mtoto wake apimwe na jina lake liingizwe kwenye orodha ya wenye mahitaji maalumu. Kuna anayeambiwa amlipe mtu wa kukaa na mtoto darasani, la sivyo asimlete. Elimu ya msingi ya serikali haina ada tangu Januari 2016, na hakuna sheria inayomtoza mzazi kwa sababu mwanawe ana ulemavu. Anayeomba ya soda ni mla rushwa, na anakula kwa mtoto asiyeweza hata kumkimbia. Mpeleke TAKUKURU.

Mtoto akishaandikishwa, lichunguze darasa lenyewe, maana wapo wanaoandikishwa kisha wakaachwa kukaa tu. Wanawekwa nyuma, daftari lao halisahihishwi, na mwalimu akiwaita anawaita kwa ulemavu wao, "wewe taahira", "wewe kiwete", darasa zima likicheka. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumtendea mtoto mwenye ulemavu kwa namna inayomvunjia utu. Neno "mtu" hapo linamgusa mwalimu, linamgusa dereva wa daladala, linamgusa na baba wa kambo. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sijamwona mwalimu akishtakiwa kwa hilo. Hata hivyo, kukitaja kifungu kwa heshima mbele ya kamati ya shule kunabadilisha mengi.

Jingine linalosahaulika ni mtihani. Baraza la Mitihani huelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, na wenye uoni hafifu wapewe karatasi ya maandishi makubwa. Lakini shule isipomsajili mtoto kwa hali yake, siku ya mtihani hapati hata dakika moja ya ziada. Muulize mwalimu mapema mtoto amesajiliwaje.

Nisiishie kwa maofisa peke yao, maana sheria zetu zenyewe zimewaachia upenyo. Kifungu hicho hicho cha 8 kinampa mtoto mwenye ulemavu fursa sawa ya elimu "inapowezekana". Nani anapima kama inawezekana? Yule yule aliyesema hatumuwezi. Mtoto asiye na ulemavu hakuwekewa neno hilo kwenye elimu yake. Katiba nayo, katika Ibara ya 11, inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, lakini Ibara ya 7 imekwisha kusema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Na Ibara ya 13 inapokataza ubaguzi na kutaja kabila, rangi, dini na jinsia, ulemavu haumo. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinataka elimu jumuishi katika ngazi zote. Baada ya kuridhia hivyo, neno "inapowezekana" halikustahili kubaki kwenye kitabu cha sheria. Wabunge wetu waliondoe, na ulemavu uandikwe kwenye Ibara ya 13.

Mama wa Gongoni, usingoje Bunge. Kwa kawaida uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba na masomo hufunguliwa Januari, lakini mtoto wa miaka 9 amekwisha kucheleweshwa, na hakuna sababu ya kumngojesha dirisha lingine. Andika barua yako wiki hii, nenda na mtu mmoja wa kukushuhudia, na jirani akikutisha tena kuhusu mahakama, mwonyeshe nakala yenye muhuri.