SOMO: HESABU MBELE YA KUINGIA

Ndugu wanafunzi, wengi kati yenu munataka kuwa wauguzi. Aliyemaliza mwaka wa 8 anaweza kuingia ITM, miaka 4, apate A2. Mwenye Diploma ya Serikali anaingia ISTM.

Katika Luka 14:28 Yesu anafundisha habari ya mutu mwenye kujenga munara. Na sisi tukae, tuhesabu:

1. Minervale si yote. Andika pia bluzi, vitabu, chakula, nyumba, na safari ya staji.

2. Uliza shule kama inapokea feza kwa vipande.

3. Jamaa wachange, ao wafanye likilimba. Lakini ogopa deni la riba. Mufano: umekopa dola 100, riba ni dola 20 kila mwezi. Kisha miezi 5 umetoa dola 100 za riba tu, na deni lingali dola 100!

4. Usiseme: «Mushahara utalipa.» Wauguzi wengi wanatumika miaka bila kupata mushahara wa Serikali.

Swali: Kwenu, nani atalipa mwaka wa kwanza, na nani ule wa mwisho? Muzungumuze na wazazi wakati wa likizo.