SOMO LA USALAMA: PLAGI NA SOKETI TUNAPOVUKA MPAKA



Vyombo vya umeme huvuka mipaka kama tunavyovuka sisi. Drili iliyonunuliwa Bujumbura huja kufanya kazi Kigoma. Nguvu ya umeme haitofautiani sana: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zote hutumia volti kati ya 220 na 240. Kinachotofautiana ni plagi, na hapo ndipo wenzetu huumia.

Aina mbili za plagi

Kenya, Uganda na Tanzania hutumia zaidi plagi ya Kiingereza, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 1947. Ina meno matatu bapa. Jino la juu ni refu kuliko mengine. Huingia kwanza, hufungua vifuniko vya matundu ya chini, na huunganisha chombo na waya wa ardhi. Ndani ya plagi mna fyuzi.

Katika Burundi, Rwanda na Kongo, zilizotawaliwa na Wabelgiji, meno ya mviringo ni ya kawaida. Plagi hiyo haina fyuzi ndani. Ile nyembamba ya meno mawili haina hata njia ya ardhi. Imekusudiwa vyombo vidogo visivyohitaji ardhi.

Hatari ya kijiti

Tumeona mahali pengi kazini mtu akichomeka kijiti au kalamu katika tundu la juu ili meno mawili ya mviringo yaingie kwa nguvu. Meno hayo hayakazi vizuri. Hutoa cheche, hupata joto na kuunguza soketi. Baya zaidi, mashine ya chuma hukosa ardhi. Waya wa moto ukigusa bodi ya mashine yenye ardhi, umeme mwingi hukimbilia ardhini na fyuzi hukatika mara moja. Pasipo ardhi fyuzi haikatiki: bodi hubaki na umeme, ukimngoja atakayeigusa. Akiwa amesimama penye maji, kama kwenye mashine ya kukoboa kahawa mbichi, anaweza kufa.

Hesabu ya fyuzi

Gawanya wati kwa volti, upate ampea. Pasi ya wati 2000 kwa volti 230 hutumia karibu ampea 9: weka fyuzi ya 13. Taa ya wati 60 haifikishi hata ampea moja: weka fyuzi ya 3. Msumari au karatasi ya sigara si fyuzi. Waya utaungua kabla yake.

Tufanye hivi

1. Tumkabidhi fundi wa umeme chombo kigeni abadilishe plagi.
2. Tusiamini rangi peke yake. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza waya mweusi haukuwa wa moto. Katika utaratibu mpya unaweza kuwa wa moto. Fundi azime umeme, kisha apime.
3. Tusikate jino la ardhi kamwe.
4. Tumdai mwajiri plagi na soketi zinazofaa. Sheria za usalama kazini za Uganda (2006), Kenya (2007) na Tanzania (2003) zinamwekea wajibu wa kulinda usalama wetu.

Maswali ya kujadili tawini

Je, soketi za karakana yetu zina ardhi? Nani alizipima mara ya mwisho, na lini?