Mas'ala ya Kufunika Meno Yaliyoharibika Rangi kwa Maganda ya Kauri

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Siku hizi katika miji mikubwa wako matabibu wa meno wanaobandika maganda membamba ya kauri juu ya meno yaliyoharibika rangi, yakaonekana kama meno ya asili. Watu wamegawanyika juu ya jambo hili. Wako wasemao kuwa ni haramu moja kwa moja, kwa kuwa ni kubadilisha umbile la Mungu. Na wako wanaoliendea kama aendaye kununua kofia mpya, hawaulizi wala hawafikiri. Wote wawili wameliacha suala lenyewe, nalo ni hili: kinafunikwa nini, na kinakatwa nini ili kukifunika?

KITU CHENYEWE

Ganda hili hubandikwa juu ya uso wa mbele wa jino, na unene wake mara nyingi ni baina ya nusu milimita na milimita moja. Kauri yake iliyozoeleka asili yake ni mawe yaliyosagwa na kuchomwa motoni. Si kauri ile ya vikombe inayotiwa majivu ya mifupa, basi hapana shubuha ya najisi kwa upande huo.

Charles Pincus, tabibu wa California, aliwatengenezea waigizaji wa sinema maganda ya namna hii kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Lakini yalishikizwa kwa muda tu, kazi ikiisha yakavuliwa. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba uso wa jino ukipakwa asidi hupata mikwaruzo midogo, ikapata pa kushika gundi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikajulikana namna ya kuikwaruza kauri nayo kwa asidi. Hapo ndipo maganda yalipoweza kukaa, na leo mengi hudumu miaka 10 na zaidi.

Lakini ili ganda likae na jino lisionekane limefura, mara nyingi tabibu husaga ngozi ngumu ya nje ya jino, kiasi cha nusu milimita. Ngozi hiyo ikisagwa haioti tena. Jino hilo litahitaji kufunikwa maisha yote ya mwenyewe, na ganda likivunjika hulazimu jingine, kwa gharama nyingine.

Na jino likiwa jeusi sana, kazi huwa ngumu zaidi. Ganda jembamba hupitisha mwanga, na weusi ukachungulia. Likifanywa zito lisilopitisha mwanga, meno huwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Jino la asili si jeupe moja kwa moja: karibu na ufizi huelekea umanjano, kwenye ncha hupitisha mwanga kidogo, na meno ya chonge hukoza rangi kuliko ya mbele. Fundi mwema huyafuata hayo, na huchagua rangi kwa mwanga wa mchana, kabla jino halijakauka mate.

SABABU ZA KUHARIBIKA RANGI

Madoa ya meno ni mafungu mawili. La kwanza ni la juu ya jino, nalo huletwa na chai, kahawa, tumbaku, na uraibu wa tambuu na popoo. Fungu hili aghalabu huondoka kwa kusafishwa na tabibu, na dawa yake ya kweli ni kuiacha sababu. Tena popoo si rangi tu: imethibiti kwa wataalamu kuwa ni katika vinavyoleta saratani ya kinywa.

Fungu la pili liko ndani ya jino. Mtoto akinywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake yanaumbika, hutoka na madoa ya kahawia. Nayo ni mengi kwa watu wa Bonde la Ufa na wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko huupita. Vile vile mtoto chini ya miaka minane akipewa dawa ya tetrasaiklini, au mama yake akiitumia katika uja uzito, meno huweza kutoka yenye rangi ya kijivu au ya kahawia. Na jino lililokufa kwa pigo huingia weusi. Mwenye fungu hili hakujitakia, na hata apige mswaki mara tano kwa siku, doa haliondoki.

HUKUMU YAKE

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwa Ibn Mas'ud (R.A.) laana juu ya wanawake wanaochonga mianya baina ya meno kwa kutaka uzuri, wakabadilisha umbile la Mungu. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza kuwa kule kutajwa uzuri ndiyo alama ya lililokatazwa: ni kufanya kwa ajili ya kujipamba. Ama kinachofanywa kwa haja ya matibabu, au kwa aibu iliyo katika jino, hakina ubaya. Na ‘Arfaja bin As'ad (R.A.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, alitia pua ya fedha ikanuka, basi Mtume (S.A.W.) akamwamuru atie ya dhahabu. Ikiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume, iliruhusiwa kwa kuondoa aibu, basi kauri, ambayo asili yake ni halali, ina haki zaidi.

Kwa hiyo, kijana aliyehifadhi Qur'ani, akawa hukataa kusalisha kwa sababu akifungua kinywa watu hutazama meno yake badala ya kusikiliza kisomo, huyo ana haja ya kweli, wala haambiwi kuwa amebadilisha umbile. Aibu yake ni ugonjwa, na kuondoa ugonjwa ni kulirejeza umbile. Lakini mwenye meno mazima, yenye rangi ya meno ya Banu Adam, akayasaga ili yawe meupe kama ya waigizaji, huyo ndiye anayeingia katika lile katazo. Na mwanamume hana udhuru zaidi ya mwanamke.

Na kilichoruhusiwa kwa haja hakipitishwi mpaka wa haja. Aanze kwa kusafisha. Isipotosha, kwa dawa ya kung'arisha ya tabibu. Kisha ndipo lifikiriwe ganda, na kwa meno yaliyoharibika tu. Wala haijuzu kulinunua kwa masurufu ya mke na watoto, kwani masurufu ni wajibu, na ganda la jino si wajibu.

UDHU, JOSHO NA SAUMU

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho la janaba. Basi ganda lisilobanduka haliharibu tohara. Ama damu ikitoka wakati wa kusaga, kinywa ni lazima kioshwe kabla ya sala, wala damu haimezwi. Na kwa kuwa kazi hii hufanywa kwa maji yanayorushwa kinywani, mwenye kufunga aiweke usiku, au aiakhirishe mpaka Ramadhani iishe.

HERUFI

Jambo hili wengi hawalikumbuki. Herufi za thaa, dhali na dhwaa hutoka baina ya ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu ya mbele. Na faa hutoka kwa meno hayo hayo pamoja na mdomo wa chini. Ganda likizidi urefu au unene kidogo tu, herufi huhama mahali pake. Faa, thaa na dhwaa hazimo katika Suratul Fatiha, lakini dhali imo katika «alladhina». Na mwenye kuigeuza dali, naye aweza kuitamka sawa, kisomo chake cha neno hilo hakisihi, na Fatiha ni nguzo ya sala.

Kwa sababu hiyo, kabla maganda hayajagandishwa, mtu amwombe tabibu amtilie ya majaribio, asome Fatiha na sura fupi mbele ya mwalimu wake. Herufi ikipotea, ganda lipunguzwe. Akiisha kugandishiwa, ulimi upewe siku chache kuzoea, kisha asikilizwe tena.

Basi apimaye jambo hili aangalie mizani mbili: aibu anayoiondoa, na jino zima analolisaga. Ya kwanza ikiwa nzito, mlango uko wazi. Ya pili ikiwa nzito, ashike mswaki wake, ambao una sunna na thawabu, na auache uso wa jino lake kama alivyoupewa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.