Somo la 9: Sumu Hupita Hata Kwenye Ngozi



Wakulima wa pamba, kahawa na nyanya hupiga dawa ya kuua wadudu. Dawa hiyo huokoa mazao. Lakini kinachoua mdudu ni sumu, na sumu humdhuru mtu pia. Sisi tunaiita dawa, na jina hilo hutufanya tusahau.

Sumu huingiaje mwilini?

Watu wengi wanajua kwamba sumu huua ikinywewa. Kwa hiyo hawali wala hawanywi wanapopiga dawa, nao hudhani wamejikinga. Hiyo haitoshi. Sumu ina njia tatu za kuingia: mdomo, pua na ngozi. Kwa mpiga dawa, njia kubwa ni ngozi.

Fikiri juu ya bomba la mgongoni linalovuja. Dawa huteremka mgongoni na kulowanisha suruali. Mkulima hasikii maumivu, basi anaendelea na kazi mpaka jioni. Muda wote huo sumu inapenya. Ngozi ya sehemu za siri hupitisha sumu upesi kuliko ngozi ya mikono. Tena, dawa ambayo haijachanganywa na maji ni kali zaidi. Matone machache tu yanaweza kuleta madhara.

Soma kwanza, piga dawa baadaye

Sasa unajua kusoma. Tumia elimu hiyo. Kabla ya kufungua chupa, soma karatasi iliyobandikwa. Tazama jina la dawa, kipimo chake, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Tazama pia mstari wa rangi ulio chini ya karatasi:

Nyekundu: sumu kali sana.
Njano: sumu ya kati.
Buluu: sumu isiyo kali sana.
Kijani: sumu ndogo kuliko hizo. Hata hivyo, si ya kuchezea.

Usinunue dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Haina maandishi, na mtoto anaweza kuinywa.

Soma jina hata kama dawa umeizoea. Endosulfani ilitumika miaka mingi katika pamba na kahawa. Mwaka 2011 nchi za Mkataba wa Stockholm zilikubaliana iondolewe kwa sababu ya madhara yake. Ukikuta chupa yake kuukuu ghalani, usiitumie. Mwite bwana shamba au bibi shamba.

Wakati wa kazi

1. Tengeneza bomba linalovuja kabla ya kutia dawa.
2. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, kofia, viatu vya mpira na glavu za mpira. Funika pua na mdomo.
3. Koroga dawa kwa kijiti, si kwa mkono.
4. Piga dawa asubuhi au jioni, wakati upepo umetulia. Usielekee upepo unakotoka.
5. Tundu la bomba likiziba, usilipulize kwa mdomo. Lisafishe kwa maji na unyasi laini.
6. Ukilowa dawa, acha kazi. Vua nguo, oga kwa sabuni. Usingoje jioni.
7. Fua nguo za kazi peke yake, mbali na za watoto.
8. Chupa tupu isuuze mara tatu, na maji hayo yatie ndani ya bomba. Kisha itoboe. Isichotewe maji wala kutiwa mafuta ya kula.

Mtu akidhurika

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, jasho jingi, kutokwa na mate, macho kuona ukungu, na kutetemeka. Wengine husema ni jua kali au malaria, wakaenda kulala. Kuchelewa huko huweza kuua.

Mtoe shambani. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, lakini wewe vaa glavu. Mpeleke zahanati mara moja, na chukua ile karatasi ya dawa ili mganga ajue ni sumu gani. Usimpe maziwa. Maziwa hayaui sumu. Usimtapishe, isipokuwa mganga ameagiza.

Maswali

1. Taja njia tatu za sumu kuingia mwilini.
2. Kwa nini bomba linalovuja ni hatari?
3. Leteni darasani karatasi ya dawa iliyo safi. Someni rangi na kipimo chake.
4. Jadilianeni: chupa tupu za dawa hapa kijijini huenda wapi?