Karavani Ikifika Kambini: Kipi Kitangulie

Karibu na Ziwa Yellowstone, katika hifadhi ya taifa ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1872, ipo kambi ya Fishing Bridge. Hema haliruhusiwi hapo, wala karavani yenye kuta za turubai, kwa sababu dubu wa aina ya grizzly hupita eneo hilo. Wanaolala hapo ni wenye nyumba za magurudumu zenye kuta ngumu, nao huunganishiwa umeme, maji na bomba la majitaka palepale wanapoegesha.

Mgeni aliyechoshwa na safari hukimbilia plagi. Mzoefu huanza na ardhi.

Usawa na kabari

Kwanza hulizunguka eneo kwa miguu, akitazama matawi yaliyoinama na ilipo nguzo ya umeme. Kisha hushika pima maji. Magurudumu ya upande ulio chini hupandishwa juu ya vipande vya mbao mpaka kiputo cha hewa kikae katikati. Hapo haangalii usingizi tu. Friji nyingi za karavani zinazotumia gesi hupoza kwa mchanganyiko wa amonia na maji, unaoteremka mabombani kwa uzito wake wenyewe. Karavani ikiinama sana, mzunguko hukwama na friji huweza kufa kabisa.

Kabari hutiwa mbele na nyuma ya magurudumu kabla trela halijafunguliwa kutoka kwenye gari linalolivuta; bila hizo, trela huweza kuteremka lenyewe. Usawa wa mbele na nyuma hurekebishwa kwa jeki ya mbele. Jeki za pembeni hushushwa mwisho, nazo ni za kuzuia mtikisiko, si za kuinulia.

Umeme

Swichi ya nguzo huzimwa, plagi huchomekwa, ndipo swichi huwashwa. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600. Kiyoyozi, maikrowevu na birika la umeme vikiwaka kwa pamoja, swichi hukata.

Maji na choo

Mpira wa maji ya kunywa haugusi kazi ya choo hata siku moja. Kwenye bomba la kambi hufungwa kidhibiti presha, kwani presha kubwa hupasua mabomba ya plastiki yaliyo ndani.

Kosa la wengi ni kuacha koki ya tangi la choo wazi. Maji hukimbia, kinyesi hubaki na kukauka kama udongo wa kichuguu. Koki hufungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili, ndipo hufunguliwa. Maji ya kuogea na kuoshea vyombo humwagwa baadaye, yakisuuza mpira wa majitaka.

Kabla ya giza

Boksi la barafu, sufuria na mfuko wa takataka huingizwa ndani, hata vikiwa vitupu, maana dubu hufuata harufu. Atakayemwona mchana, sheria ya hifadhi humtaka akae mbali naye kwa yadi zisizopungua 100, yaani kama mita 91.