Isukuti Shuleni: Hatua Bila Maana?

Mwacha mila ni mtumwa, tumeambiwa tangu tukiwa wadogo. Lakini mila yenyewe mtoto ataipata wapi, ikiwa nyumbani hakuna wa kumpa na shuleni anafundishwa hatua tu, moja-mbili, moja-mbili, mradi kombe lipatikane? Swali hili lilinijia mwaka huu chama chetu kilipokwenda kuwafundisha isukuti watoto wa gredi ya nne katika shule jirani.

Kwa wenzetu wasiotoka Kakamega, isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambao ni Waluhya. Jina limetokana na ngoma zenyewe zinazopigwa, nazo huwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Huandamana na pembe ya mnyama na manyanga ya chuma. Mwimbaji mmoja hutangulia, nao wachezaji, wanaume safu yao na wanawake yao, huitikia. Si ya arusini peke yake. Huchezwa mtoto akizaliwa, vijana wakitahiriwa, mtu akifariki, hata mafahali wakienda kupiganishwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wanaoijua vizuri wengi wao ni wazee na warithi ni haba. (Msomaji, usishangilie mno. Orodha hiyo ni kama ya wagonjwa walio mahututi.)

Sasa turudi kwa watoto wetu. Walikuwa hodari, tusidanganyane! Mabega yalitikisika mpaka walimu wakasahau chai. Walikuwa wakijitayarisha kwa siku ya wazazi. Mzee mmoja wa kijiji, aliyealikwa kuja kuwasikiliza, aliwaacha wamalize, kisha akauliza polepole, "Wanangu, ni nani amefariki?"

Kimya. Kumbe wimbo waliokuwa wakiuimba kwa tabasamu ulikuwa wa matanga! Na waliowafundisha si wengine, ni sisi wanachama. Tuliutoa kwenye video ya simu, tukapenda mdundo wake, basi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maneno yake yanasema nini.

Mzee hakutukemea. Alizitoa ngoma zote nje ya darasa, nasi tukadhani amekasirika. La, ndipo somo lilipoanza. Aliwagawa watoto mafungu matatu: hili lipige makofi ya ngoma ndogo, lile ya ngoma ya kati, na la tatu ya ngoma kubwa. Nusu saa nzima ilikwenda hivyo, mpaka kila fungu likaweza kuyasikia mengine bila kupotea. Kisha akasema wimbo neno kwa neno, maana wapo watoto wasioielewa vizuri lugha ya nyanya zao, naye mwalimu wa darasa akawafafanulia kwa Kiswahili. Mwisho akawapa kazi: kila mtoto amwulize mkubwa wa nyumbani kwao, siku nilipozaliwa kuliimbwa nini?

Juma lililofuata majibu yalikuwa mseto. Wengine waliambiwa hakukuimbwa chochote. Msichana mmoja, badala ya jibu, alikuja na nyanya yake.

Mimi silaumu mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezisaidia shule nyingi kutoziacha ngoma hizi kabisa. Ila jukwaani dakika ni chache, na mwamuzi hutazama safu na mavazi. Atajuaje kama mtoto anafahamu anachokiimba? Hiyo ni kazi ya darasani, na mwalimu asiyeijua ngoma hana haja ya kuona haya. Amwite anayeijua, yeye akae nyuma pamoja na wanafunzi.

Siku ya wazazi ilipofika, wimbo wetu wa simu haukusikika. Watoto waliimba wa kumpokea mtoto mchanga, kwani mama wa mmoja wao alikuwa amejifungua juma lile lile. Yule mzee aliketi mbele. Safari hii hakuuliza kitu. Alisimama, akaanza kuitikia.