Dondoo muhimu: Kabla ya kutia faranga kwenye mashine ya makucha

Mashine ya makucha ya chuma inayonyakua wanasesere haitegemei ustadi wako tu: nyingi humruhusu mwenye mashine kupanga nguvu ya mshiko, makucha yakabana sawasawa mara moja tu katika michezo kadhaa. Kwa hiyo:

• Tazama kwanza wengine wakicheza. Makucha yakilegea kila yanapoinuka, weka pesa zako mfukoni, maana shabaha nzuri haiponyi mshiko dhaifu. Utaambiwa fulani alishinda jana. Huenda ni kweli. Washindi wachache ndio wanaovuta wateja, na ushindi wake hauongezi nguvu kwenye mchezo wako.

• Lenga mwanasesere aliye juu ya rundo, karibu na tundu la kutokea. Achana na aliyebanwa au kuegemea kioo.

• Uliza bei ya mwanasesere kama huyo kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, uifanye kikomo chako. Unacheza kwa kujifurahisha tu? Sawa, kikomo kibaki palepale.

• Usifukuzie faranga zilizokwisha kuliwa.

• Mzuie mtoto kuingiza mkono tunduni, unaweza kunasa.